Motahomu iliyoanza kutetemeka baada ya kufungwa matairi mapya

Gari lenyewe ni motahomu, yaani gari lenye nyumba ndani yake, ya dizeli yenye injini nyuma, urefu karibu mita 12, ekseli mbili na matairi sita: mawili mbele, manne nyuma ya dabo, yaani mawilimawili kila upande. Wenye gari ni mzee na mkewe, wastaafu wanaoishi humo mwaka mzima. Msimu wa baridi hukaa jangwani Arizona kama wastaafu wengine wengi wanaojazana kwenye mji mdogo wa Quartzsite kila Januari, na joto likianza kupanda huelekea kaskazini. Mwaka 2024, kabla ya safari hiyo, walibadilisha matairi yote sita kwenye karakana moja, wakatoka na gari linalotetemeka. Wakalirudisha, likaongezwa vyuma vya balansi. Wakalirudisha tena, zikatiwa chembe za kioo za kubalansia ndani ya matairi ya mbele. Mtetemo haukupungua. Mwishowe karakana ile ikasema matairi yametoka kiwandani na kasoro, na njia iliyobaki ni kununua mengine sita. Ndipo wakaja kwenye karakana yetu.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu rimu za motahomu hiyo ni za inchi 22.5, rimu zilezile zinazobeba mabasi yetu ya mikoani na malori ya Mombasa kwenda Kampala. Na Waswahili wengi huku Marekani wanaishi kwa usukani wa lori. Mafundi wa pande zote mbili nimewaona wakifanya kosa moja: gari likitetemeka wanakimbilia risasi, yaani vile vyuma vya balansi. Msimamo wangu ni kwamba tairi halibalansiwi kabla hujajua linabeba kilo ngapi na kabla hujahakikisha limekaa duara kwenye rimu. Risasi ni kazi ya mwisho.

Mtetemo wenyewe

Nilianza kwa kulisikiliza gari. Mtetemo ulianza kwenye kilomita 85 kwa saa, ukawa mkali kabisa kati ya 95 na 100, na ulikuja kwa usukani na kwa sakafu chini ya miguu ya dereva. Huko nyuma, kitandani, hakukuwa na kitu cha kulalamikia. Hilo peke yake lilinielekeza mbele. Lakini mtetemo una mdundo, na mdundo unaweza kuhesabiwa, kwa hiyo sikutaka kubahatisha.

Matairi yake ni 275/80R22.5. Tairi la saizi hiyo likizunguka mara moja linasogeza gari kama mita 3.1. Kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari linakwenda karibu mita 28 kwa sekunde, maana yake kila gurudumu linazunguka mara tisa hivi kwa sekunde. Propela shafti huzunguka mara kadhaa zaidi ya hapo kwa sababu ya difu, zile giya za ekseli ya nyuma, na kasoro yake husikika kama mvumo kuliko mtikiso. Simu za siku hizi zina kihisio cha mtikisiko. Niliiweka sakafuni karibu na kiti cha dereva, programu ikaonyesha kilele kwenye midundo tisa kwa sekunde. Mwendo ulipopungua, kilele kikashuka kwa uwiano uleule. Kwa hiyo ni gurudumu, wala si injini wala propela. Tukanyanyua mbele kwa jeki tukakagua beringi, kingpini, bushi na shokapu. Vyote vilikuwa salama.

Mizani

Kabla ya kugusa rimu tulipima uzito. Mizani ya vituo vya malori hukupa uzito wa ekseli nzima, na kwa lori lenye mzigo uliopangwa sawasawa hiyo inatosha. Motahomu haijapangwa hivyo. Upande mmoja una jiko, friji na chumba kinachotoka nje gari likisimama. Upande mwingine una kabati na sofa. Jenereta liko mbele. Tangi la maji safi likijaa, ni mamia ya kilo mengine. Motahomu inapaswa kupimwa gurudumu kwa gurudumu, ikiwa na maji, mafuta, nguo, vyombo na watu wake ndani, kama inavyosafiri.

Tulitumia mizani ndogo za sakafuni. Mbele kushoto: kilo 3,120. Mbele kulia: kilo 2,870. Nyuma kushoto, matairi mawili ya dabo: kilo 4,480. Nyuma kulia: kilo 4,690. Ekseli ya mbele jumla ni 5,990, na kibao cha gari kilisema inaruhusiwa 6,350. Mtu aliyepima ekseli tu angesema hapa hakuna tatizo.

Kisha nikasoma ubavu wa tairi la mbele kushoto. Saizi ilikuwa ileile ya matairi ya zamani, 275/80R22.5, lakini namba za mzigo zilikuwa 144/141, daraja la mzigo G. Namba ya kwanza ni ya tairi linalosimama peke yake, ya pili ni ya dabo. 144 maana yake kilo 2,800. Tairi lililokuwa limebeba kilo 3,120 lilitengenezwa kubeba 2,800, na lile la kulia nalo lilikuwa limezidiwa kwa kilo 70. Matairi ya zamani, ambayo mzee alikuwa na picha zake kwenye simu, yalikuwa daraja H, 149/146: kilo 3,250 likiwa peke yake, kilo 3,000 kwenye dabo. Karakana ile ililinganisha saizi ikaishia hapo.

Hili ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, kuliko mtetemo uliowaleta. Mtetemo unakera. Tairi la mbele lililozidiwa kwa kilo 320 kwenye lami ya jangwani mwezi wa Juni linaweza kupasuka, na tairi la mbele likipasuka kwenye gari la tani 15 dereva ana nafasi ndogo sana ya kulizuia gari. Nilimwambia mzee papo hapo kwamba gari halitoki uwanjani kwetu na matairi yale mbele, hata mtetemo ukiisha.

Wanaodhani natia chumvi watazame habari ya Goodyear G159. Lilikuwa tairi la saizi 275/70R22.5, lililotengenezwa kati ya 1996 na 2003, na likaishia kufungwa kwenye motahomu nyingi. Familia zilizopata ajali zilikwenda mahakamani, na mgogoro wa kesi moja, ya familia ya Haeger, ulifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 2017, ingawa kule hoja ilikuwa adhabu iliyotolewa kwa kuficha ushahidi. Hoja ya walalamikaji kuhusu tairi lenyewe ilikuwa kwamba lilibuniwa kwa magari ya kusambaza bidhaa mijini, halikufaa mwendo mrefu wa kasi na joto la motahomu. Mwaka huohuo wa 2017 NHTSA, mamlaka ya Marekani ya usalama barabarani, ilifungua uchunguzi, na Juni 2022 kampuni ikatangaza kuyarudisha matairi 173,237, huku ikishikilia kwamba hayakuwa na kasoro. Mimi siwezi kuamua kesi ya watu. Ila swali lililokuwa katikati ya mgogoro ule ndilo swali la kila anayenunua: tairi hili lilitengenezwa kwa kazi gani, na kazi yangu ni hiyo?

Mstari wa ubavuni

Sasa kwenye mtetemo. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa na risasi za gramu 420 zimepangwa upande mmoja wa rimu, na ndani yake kulikuwa na zile chembe za kioo. Mwenzangu wa zamu, fundi kutoka Lubumbashi mwenye jicho ambalo mashine haina, hakuangalia risasi. Alichuchumaa, akafuta ubavu kwa tambara lenye maji, akaniita: "Kaka, njoo uone huu mstari."

Kila tairi la rimu za aina hii lina mstari mwembamba ulionyanyuka, unaozunguka ubavu karibu kabisa na ukingo wa rimu. Kazi yake ni moja: kumwonyesha fundi kama tairi limekaa sawa. Nafasi kati ya mstari na ukingo wa rimu iwe ileile mzunguko mzima. Ukipima sehemu nne, tofauti isizidi milimita 1.6. Hapa juu ilikuwa milimita 3, chini milimita 6. Upande mmoja tairi lilikuwa limepanda vizuri kwenye kiti chake, upande wa pili lilibaki nyuma. Ukisogea hatua mbili huoni kitu. Ukiinamia na rula, linaonekana kama sketi iliyofungwa mshipi upande.

Tukasimamisha geji ya saa mbele ya uso wa tairi, tukalizungusha taratibu kwa mkono. Kati ya sehemu ya chini kabisa na ya juu kabisa kulikuwa na milimita 3.4. Kiwango kinachokubalika kwa tairi na rimu vikiwa pamoja ni milimita 2.4, na kwa ekseli ya mbele mimi hupenda iwe chini ya hapo sana. Rimu yenyewe, ya alumini, ilikuwa ndani ya milimita 0.5, wakati inaruhusiwa hadi 0.76. Kwa hiyo rimu haina kosa. Kosa ni jinsi tairi lilivyokalishwa.

Hapa ndipo unapoona kwa nini risasi hazikusaidia. Tairi la saizi hii lina kilo kama 50. Likihama milimita 1 na nusu kutoka katikati, mashine ya balansi itaona uzito uliolalia upande mmoja na kudai karibu gramu 260 kwenye ukingo wa rimu. Fundi ataweka gramu hizo, mashine itaandika sifuri, na yeye ataamini amemaliza. Lakini mashine ile inazungusha gurudumu hewani. Likishuka chini likabebeshwa tani tatu, kile kilima kidogo kinarudi kwenye lami mara tisa kwa sekunde, na kila kikifika kinaisukuma ekseli juu. Risasi inasawazisha uzito, umbo haliwezi. Chembe za kioo nazo ni hivyohivyo.

Tulipolifungua, chembe zilikuwa zimeshikana mabonge kama sukari iliyoingia maji. Upepo uliotumika ulikuwa na unyevu, nadhani kompresa haikuwa imetolewa maji. Mabonge hayo hayasogei kwenda panapohitajika. Yanakaa yalipogandia na kuwa uzito mwingine wa ovyo. Zaidi ya hayo, wanaotengeneza chembe hizi wanaagiza risasi zote ziondolewe kwanza na pini ya valvu iwe ya aina yenye chujio. Hapa risasi ziliachwa, na pini ilikuwa ya kawaida.

Tukasafisha kiti cha rimu kwa brashi, tukapaka mafuta ya kufungia tairi pande zote mbili mzunguko mzima, tukalilaza gurudumu, maana likijazwa likiwa limesimama uzito wake unalivuta chini na kulikalisha upande. Likajazwa mpaka likapanda, upepo ukatolewa wote, likajazwa tena ndani ya kizimba cha usalama. Kutoa na kujaza mara ya pili watu wengi huruka kwa haraka, wakati ndiyo nafasi ambayo tairi hupata kujinyoosha na kukaa katikati. Mstari sasa ulisomeka milimita 4 hadi 5 pande zote. Geji ikasema 1.2. Tukaliweka kwenye mashine bila risasi hata moja: likadai gramu 130. Gramu 290 zilizobaki zilikuwa zinapigana na kosa la ufungaji.

Kuchagua mawili ya mbele

Mzee alikuwa amekata tamaa kiasi kwamba alitaka 295/80R22.5 kote, yale makubwa. Hoja yake haikuwa mbaya: daraja H la saizi hiyo lina namba 152/148, kilo 3,550 likiwa peke yake, na rimu yake ya upana wa inchi 8.25 inaruhusiwa kuyavaa. Nilimpinga kwa sababu tatu. Tairi la 295 lina kimo cha milimita 1,044 hivi, wakati 275 ni 1,012. Usukani ukikatwa mpaka mwisho, nafasi kati ya tairi na chasisi ya gari lile ilikuwa ndogo. Kwenye dabo, matairi mapana yanasogeleana, na mawili yakigusana ubavu yakiwa na mzigo yanachomana mpaka yanaharibika. La tatu ndilo kubwa: tairi lenye uwezo zaidi haliongezi uwezo wa ekseli wala wa rimu. Rimu imegongwa uzito wake na upepo wake, ekseli ina kibao chake, na kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachotawala.

Tulikubaliana hivi. Mbele, matairi mawili mapya ya 275/80R22.5 daraja H, yaliyobuniwa kwa ekseli ya usukani na mwendo mrefu, yenye herufi ya mwendo L, yaani mpaka kilomita 120 kwa saa. Huo ndio mwendo wa juu, maili 75, kwenye barabara kuu za Arizona nje ya miji, ingawa mzee mwenyewe haendi zaidi ya 105. Nyuma, yale manne ya daraja G yabaki. Kwenye dabo kila moja linaruhusiwa kilo 2,575, na upande mzito ulikuwa na 4,690, yaani 2,345 kwa kila tairi. Ni karibu kuliko ninavyopenda, lakini ni ndani ya uwezo, na tuliyapima yote manne kwa geji: yalikuwa duara. Kuambiwa ununue sita wakati unahitaji mawili ni fedha nyingi kwa watu wanaoishi kwa pensheni.

Kisha tukafungua mabohari ya chini. Upande wa kushoto, karibu na ekseli ya mbele, kulikuwa na sanduku la vifaa, nyaya za umeme na mbao za kusawazishia gari. Tukahamishia nyuma kushoto, tukapima tena. Mbele kushoto ikashuka hadi 3,040, nyuma kushoto ikapanda hadi 4,560. Tairi jipya la mbele sasa linabeba asilimia 93 ya uwezo wake. Kwa mzigo huo tukaweka upepo wa 120 psi mbele, pande zote mbili sawa, tukifuata upande mzito. Nyuma 110, kilele cha daraja lile. Upepo unapimwa alfajiri kabla gari halijatembea. Tairi likipata joto barabarani upepo utapanda, na mzee aliagizwa asiuguse ukipanda.

Kubalansi, hatimaye

Mapya yalikuwa na alama ya njano ubavuni, inayoonyesha sehemu nyepesi. Tuliilinganisha na valvu, kwa kuwa valvu ndiyo huwa sehemu nzito ya rimu. Geji ilisoma 0.9 na 1.1. Mashine ikadai gramu 90 kushoto na 140 kulia, tukabandika vyuma vya gundi ndani ya rimu ili alumini isichubuke. Hatukutumia vyuma vya madini ya risasi yenyewe kwa sababu gari huingia California kila mwaka, na huko risasi kwenye magurudumu imepigwa marufuku tangu 2010. Chembe hatukurudisha. Sizichukii, kwa lori linalotembea kila siku zinafaa. Motahomu husimama miezi, na chembe zikisimama miezi ndani ya hewa yenye unyevu, yale mabonge yatarudi.

Kulikuwa na jambo moja zaidi kwenye habu. Rimu za aina hii hukaa katikati kwa kushikwa na vishikio vya habu, nati hazihusiki na kuiweka katikati. Vishikio vilikuwa na kutu na vumbi la breki, na rimu inayokaa juu ya kutu haikai katikati hata tairi likiwa duara kama sarafu. Tukavisafisha kwa brashi ya waya, tukazungusha habu mpaka kishikio kimoja kikawa juu kabisa ili rimu ining'inie juu yake, tukakaza nati kumi kwa mtindo wa kuvuka, na mwisho kwa spana ya kipimo: Nm 650. Bunduki ya upepo inatumika kusogezea nati tu. Kila nati ikazwe kati ya 610 na 680, na irudiwe baada ya kilomita 80 hadi 160.

Barabarani, kwenye barabara kuu ya I-10 kuelekea magharibi, usukani ulitulia kwenye 85, kwenye 95, kwenye 105. Simu iliyokuwa sakafuni ilionyesha kilele kilekile cha midundo tisa, lakini kimebaki kidogo kiasi kwamba mguu hauwezi kukihisi. Mzee hakusema kitu kwa muda mrefu, kisha akamwomba mkewe aweke kikombe cha kahawa juu ya dashibodi. Walirudi kesho yake kukaziwa nati. Mbili zilisogea kidogo.

Kimebaki kitu kimoja ambacho tulikiandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi yao. Matairi ya nyuma waliuziwa kama mapya, lakini namba nne za mwisho za DOT, ile namba ya utambulisho iliyogongwa ubavuni, zinasomeka 1820: wiki ya 18 ya mwaka 2020. Yalipofungwa yalikuwa yamekaa ghalani karibu miaka minne. Kwa lori linalotembea kilomita laki moja kwa mwaka jambo hilo halina uzito, tairi litakuwa kipara kabla halijazeeka. Motahomu ni kinyume. Dawa zilizomo kwenye mpira wa kuuzuia kupasuka hutoka juu tairi linapozunguka na kupata joto, na gari linalosimama jangwani juani linazeesha matairi yake likiwa halijaenda popote. Michelin inashauri ukaguzi wa fundi kila mwaka tairi likifikisha miaka mitano, na liondolewe likifika kumi hata kama linaonekana zima. Kwa hiyo ukaguzi wa yale manne ulipangwa kuanza 2025, na kwa jua la Arizona nimewaambia waanze kuweka akiba ya manne ya daraja H, kama yale ya mbele, kwa ajili ya 2027. Tarehe ya matairi hayo waisome wenyewe dukani, kabla hayajafungwa.